Transfoma Tatu za Kaka

4 Februari

Shemeji yangu, mtu wa kupanda na kushuka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Mama yako goti la kushoto linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mdomo wake, kama ujuavyo, haujawahi kuumwa. Binti yangu amekuwa wa nne darasani na anasema angekuwa wa tatu kama mwalimu wa hesabu angejua kujumlisha.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya marehemu, chumba cha mbele. Miezi saba nilikifunga. Wiki iliyopita nimefungua dirisha, nimefuta vumbi, nimetundika kibao kile kile. Usinicheke huko uliko. Miaka kumi na moja nilikaa upande wa pili wa meza hii nikilehemu huku kaka yako akipima, na wateja walidhani nimekuja kumsubiri amalize chai nichukue kikombe. Sasa wanaingia, wanachungulia nyuma yangu, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nawaambia, "Unaongea naye." Wengine wanacheka, wengine wanaacha redio zao.

Nina shida moja. Shule ya wasioona ina mashine ishirini na mbili za kusikilizia vitabu, zile za kanda. Zimekufa moja moja mpaka zimebaki tatu. Nyingine zinataka volti sita, nyingine tisa, nyingine kumi na mbili. Nilikwenda kuomba kazi. Mwalimu mkuu akanitazama, akasema, "Wewe si mke wa yule Pima-Kwanza, aliyeunguza mitambo ya stesheni ya redio?" Nikasema ndiye mimi. Akasema basi nichukue mashine mbili, aone kwanza.

Shemeji, nilitoka pale masikio yanawaka. Kaka yako alipachikwa jina la Pima-Kwanza kwa sababu hakugusa kitu bila kupima, na baada ya siku ile watu wakageuza, "Pima-Kwanza hakupima." Yuko kaburini na bado wanalisema. Hata mama, akimkumbuka, humalizia na, "Ila siku ile alizembea, mwanangu." Mimi mwenyewe marehemu aliniambia hivyo hivyo: alirudi nyumbani mapema, akaomba maji, akasema amezembea, na hakulirudia tena. Nataka mashine hizi zipone zote, mwalimu mkuu ajue zimeponea kwenye meza ya nani.

Kabatini nimekuta pawasaplai aliyokuwa akiitengeneza jioni jioni mwaka wake wa mwisho. Boksi la bati, soketi nyekundu tatu na nyeusi tatu usoni, yaani midomo mitatu ya kutolea umeme, kama alivyopenda kuiita, na kila mdomo una kizungushio chake cha kupandishia volti. Nusu ya waya hazijaungwa. Mchoro hakuna, ulikuwa kichwani mwake. Wewe ulifanya naye kazi stesheni miaka sita, nisaidie. Simu ya duka la jirani naijua iliko, lakini mchoro haupiti kwenye simu.

Mama bado anauliza mbona hukuja kuzika. Namwambia ulinyimwa ruhusa kazini, kama ulivyoandika. Barua zako namsomea neno kwa neno, kwa hiyo andika vizuri.

Shemeji yako, fundi

26 Februari

Shemeji fundi,

Sijacheka. Nimetabasamu, na hilo halina kesi.

Mama, shikamoo. Goti hilo usilipeleke kwenye ngazi. Mimi mwanao nakaa ghorofa ya tisa katika jengo ambalo lifti yake naitunza mwenyewe, na siku ikigoma napanda kwa miguu pamoja na wapangaji wanaonitukana, wasijue wanayemtukana yuko nyuma yao na begi la spana. Mimi mzima. Mwambie mjukuu wako baba mdogo anasema wa nne ni namba nzuri, ila tatu ni nzuri zaidi.

Sasa kazi. Mchoro nimeuweka karatasi ya pili. Usiogope, ni safari moja tu. Umeme wa ukutani unaingia kwenye transfoma, unashushwa. Unapita kwenye dayodi nne, unageuzwa uende upande mmoja kama wa betri. Unaingia kwenye kapasita kubwa, unatulia. Kisha unafika kwa ile transista kubwa ya chuma, ambayo ndiye bawabu: kizungushio kinamwambia apitishe kiasi gani, naye anapitisha hicho tu. Transista ifunge kwenye bati nene lipoe, maana bawabu huyu akifanya kazi sana anapata homa.

Kabla ya kutia mkono ndani, chomoa ukutani na usubiri kapasita imalize umeme wake. Ipime, usiiamini. Na fyuzi, shemeji. Kila mdomo fyuzi yake. Fyuzi ikikosekana dukani, subiri ipatikane. Usifunge waya mahali pa fyuzi, hata kwa dakika moja. Narudia: fyuzi, wala si waya.

Kuhusu mwalimu mkuu, achana naye. Watu kazi yao kusema. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nduguyo

19 Machi

Shemeji,

Tu wazima. Mama alifurahi ulivyomwamkia, akacheka sana hapo pa wapangaji, akaniambia nirudie. Halafu akasema, "Habari ya mazishi hajaijibu." Nami nimeona.

Mdomo wa kwanza unafanya kazi! Niliunga siku tatu, nikapima siku moja nzima kabla ya kuwasha. Binti alikuwa kwenye mlango amejiziba masikio. Nikawasha, pakawa kimya. Nikazungusha taratibu, sindano ya mita ikapanda kutoka volti moja na kidogo mpaka kumi na tano, ikashuka nilipoishusha. Sijui kama utanielewa, lakini nililia. Si kilio cha msiba. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, na kitu alichokianza kinaniitikia. Mashine ya kwanza ya shule imeshasoma, ni kitabu cha jiografia, mwanamume mwenye mafua anaeleza habari za mito.

Fyuzi umeiandika mara tano, nimehesabu. Nimeweka.

Na hayo ya kwamba yaliyopita si ndwele, labda huko kwako. Mimi ndiye ninayeyapokea hapa mlangoni, kila mteja na lake.

Sasa kuna jambo silielewi. Mchoro wako una transfoma moja. Humu ndani zimo tatu. Kila moja ina dayodi zake, kapasita yake, hasi yake. Hakuna waya wa mdomo mmoja unaogusa wa jirani, na alipoona zinakaribiana ameweka kipande cha ubao katikati. Boksi lina uzito wa jiwe la kusagia. Unamjua kaka yako, alikuwa akinyoosha misumari iliyopinda asinunue mipya. Mtu wa namna hiyo alitafuta transfoma tatu za nini? Najua alizunguka mwaka mzima kwenye vyuma chakavu kuzitafuta, nilidhani ni uzee wa mapema.

Na ya tatu imekufa. Nimeipima, waya wake wa ndani umekatika. Nyingine kama hiyo hapa haipatikani. Nifanyeje?

Shemeji yako

8 Aprili

Shemeji,

Mama shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi, jengo jirani nalo wameniongezea.

Hongera kwa mdomo wa kwanza. Kuhusu transfoma tatu, kaka alipenda vitu vizito, hata viatu vyake unavikumbuka. Usiumize kichwa. Ile iliyokufa itoe kabisa. Ya pili ina nguvu za kutosha, iache ilishe mdomo wa pili na wa tatu kwa pamoja. Hasi zao ziunge ziwe moja. Mchoro huu hapa chini, mistari sita tu. Kazi ya shule itakwenda vizuri.

Nisamehe kwa ufupi. Wasalimie wote.

Nduguyo

30 Aprili

Shemeji,

Mama mzima, binti mzima, mimi mzima ila kidole gumba. Nitakueleza.

Mashine mbili za kwanza nilizipeleka. Mwalimu mkuu akaita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, akampa ajaribu. Yule binti akaweka kanda, akasikiliza, akasema, "Hii haikwaruzi kama zamani." Basi. Siku ya pili nimeletewa nyingine kumi na saba kwenye mkokoteni, na juu yake kipaza sauti cha uwanjani, ambacho kinataka volti ishirini na nne.

Nikasema hakuna neno. Mdomo wa pili kumi na mbili, wa tatu kumi na mbili, nikiifunga mmoja nyuma ya mwingine kama betri ndani ya tochi, si ni ishirini na nne? Nikachukua waya, nikaunga chanya ya pili na hasi ya tatu ili nipime kabla ya kuleta kipaza sauti. Fyuzi ikapasuka pah! Transista ilikuwa imeshapata moto nikaigusa kwa ujinga wangu, na hapo ndipo kidole kilipopata lengelenge. Kipaza sauti kimesalimika kwa sababu kilikuwa bado sakafuni.

Nikakaa chini, nikachora mchoro wako upya. Kumbe kosa liko wazi kama jua. Hasi za midomo hiyo miwili umeniambia niziunge ziwe moja. Kwa hiyo nilipounga chanya ya pili na hasi ya tatu, nilikuwa nimeunga chanya ya pili na hasi yake yenyewe. Nimepiga shoti kwa mkono wangu.

Na hapo nikaelewa transfoma tatu. Zikiwa tatu, hasi tatu, kila mdomo unajitegemea. Unaweza kuufunga nyuma ya mwenzake, mbele ya mwenzake, unavyotaka, na hakuna kinachoungua. Hakuwa akipenda uzito.

Sasa nakuuliza, na sikuulizi kwa ugomvi. Mtu aliyekaa meza moja na kaka yako miaka sita hawezi kuwa hajui jambo hili. Umeniandikia fyuzi mara tano. Mbona hili hukuniandikia hata mara moja? Sentensi moja tu ingetosha: usiunge midomo hii miwili. Unanipiga chenga, shemeji, na sijui unakimbia nini.

Shemeji yako

6 Juni

Shemeji,

Wiki tano sasa. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nausikia kabla haujafika.

Mama anauliza kama unaumwa. Kama unaumwa, sema. Kama huumwi, sema vile vile.

Mashine kumi na moja zimepona, zote kwa mdomo wa kwanza. Wa pili na wa tatu nimeifunga kwa kitambaa, siigusi mpaka unijibu.

21 Juni

Shemeji,

Barua hii usimsomee mama. Nakuomba.

Siumwi. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Hii ya tano naipeleka posta bila kuirudia, kwa hiyo usitazame makosa.

Pale stesheni kaka alikuwa ametengeneza pawasaplai ya midomo miwili, na hasi yake ilikuwa moja, kama mchoro niliokutumia. Juu yake aliandika kwa rangi nyeupe, USIUNGE MDOMO NA MDOMO. Mimi ndiye niliyemshikia kopo la rangi. Wiki moja kabla ya siku ile, fyuzi ya mdomo wa kwanza ilikatika, stoo hakuna nyingine, nikafunga waya wa shaba mahali pake. Sikumwambia, nilijua angenitoa roho.

Siku ile alitoka kwenda kula. Meza ya kuchanganyia sauti, ile waliyoletewa mpya, ilikuwa wazi mbele yetu, inakula umeme wa mdomo wa kwanza. Mimi nilitaka volti ishirini na nne nijaribu kitu changu. Nikaunga mdomo na mdomo. Nilisema mara moja tu, sekunde mbili. Fyuzi ya kweli ingepasuka na mambo yakaishia hapo. Waya wa shaba haupasuki. Moshi ukatoka kwenye transista, nikaingiwa na hofu, nikauchomoa ule waya niliouunga. Na kuchomoa ndiko kulikoiua meza ya sauti, maana transista ilikuwa imeshayeyuka ndani, haizuii kitu tena, na umeme wote ukaingia kama ulivyo.

Kaka aliporudi alikuta harufu. Alifungua boksi, akauona waya wa shaba, akautoa kwa koleo, akautia mfukoni. Meneja akaingia, akauliza ni nani. Nilifungua kinywa na sauti haikutoka. Kaka akasema, "Meza ni yangu na boksi ni langu. Nimezembea." Stesheni ilinyamaza siku tisa. Walimfukuza Ijumaa. Jumatatu wakanipa mimi kiti chake, nami nikakikalia mwaka na nusu.

Jioni ile nilimfuata njiani nikamwambia kesho nitakwenda kwa meneja nikaseme ukweli. Hakuniambia nenda, hakuniambia usiende. Alisema, "Utakapokuwa tayari." Sikuwa tayari kesho yake, wala wiki iliyofuata, na kila nilipochelewa ikawa ngumu zaidi, mpaka nikaona bora niwe mbali. Ndiyo maana niko huku napandisha watu na kuwashusha.

Kuhusu mazishi nilikudanganya. Ruhusa nilipewa, siku saba. Nilifika kituo cha basi na begi, nikakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka.

Uliponiandikia habari ya transfoma tatu nilielewa pale pale, nimesimama kwenye sanduku la posta. Kaka alikuwa akitengeneza boksi ambalo hata mimi nisingeweza kuliunguza. Na mimi nikakuambia uitoe ya tatu, uziunge hasi, yaani nikakurudisha kwenye lile la zamani. Kukuambia usiunge midomo kungenilazimu nikuambie nilijuaje. Ungekuwa umeleta kipaza sauti karibu, ungekuwa umefunga waya badala ya fyuzi, leo shule ingesema mke wa Pima-Kwanza naye hakupima.

Transfoma kama ile iliyokufa nimeipata huku. Nitaituma kwa basi.

Sina lingine la kukuomba.

9 Julai

Shemeji,

Barua yako nimeisoma, halafu nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nimekasirika, na sitakuficha. Nimekukasirikia wewe, na nimemkasirikia yeye, ambaye hawezi kujitetea. Miaka yote hiyo kitanda kimoja, meza moja, na hakuniambia. Nilikuwa nikimwambia, kwa utani, "Wewe na uzembe wako," akiangusha kijiko. Naye anacheka! Nikikumbuka alivyokuwa akicheka nataka kujing'ata ulimi. Alikuwa anakungoja wewe, na hakutaka mtu mwingine akutangulie kusema, hata mimi. Alikungoja mpaka akafa.

Kama nimekusamehe, sijui. Siku nyingine asubuhi naona nimekusamehe, kufika mchana naona bado.

Mama aliiona bahasha. Akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, akakunja mikono kama anavyofanya akitaka kusomewa. Nikamwambia ni ya michoro mitupu. Ni mara ya kwanza kumdanganya tangu niingie nyumba hii. Akasema, "Hata shikamoo hamna?" Nikasema hamna. Akanyanyuka akaenda zake chumbani, na jioni hakula. Sitarudia kumfanyia vile, hata ukiniomba kwa magoti.

Shemeji, mama ana miaka sabini na sita. Umemwachia maiti ya mwanawe na uzembe juu yake. Anamwombea kila siku asamehewe kosa ambalo hakulifanya. Mimi siwezi kumwambia. Si kwamba naogopa. Ila likitoka kinywani mwangu, litakuwa ni neno la mke anayemtetea mumewe, na mama atanionea huruma tu. Lazima litoke kwako. Ama uje, ama uandike, na ukiandika nitalisoma kama lilivyo.

Transfoma usiitume. Kipaza sauti cha shule kimesubiri miezi miwili, kitasubiri na mingine.

Mke wa kaka yako

2 Agosti

Mama yangu, shikamoo.

Anayekusomea ni mke wa kaka. Nimemwomba asiruke neno wala asilainishe.

Mama, kaka hakuzembea. Ile meza ya redio niliiunguza mimi. Nilifunga waya mahali pasipofungwa waya, nikaunga kitu alichonikataza kuunga, na alikuwa amenikataza kwa maandishi makubwa. Yeye hakuwepo chumbani. Aliporudi alisema ni yeye, nami nilikuwa nimesimama pembeni yake nikanyamaza. Wakamfukuza kazi, wakanipa mimi kazi yake, nikaipokea.

Hakuwahi kunidai hilo neno. Alinipa nafasi niliseme mwenyewe, nikaiacha ikapita kila siku kwa miaka kumi na moja. Kuja kumzika sikunyimwa ruhusa. Niliogopa kusimama karibu na wewe watu wakimtaja.

Ulikuwa unamsikitikia kwa kosa langu. Ulinisifia mimi mbele yake, kwamba mdogo ameshika kazi vizuri, nami niliila ile sifa kwenye sahani moja na yeye. Mama, alikuwa anatazama chini, anakula.

Sikuandika mapema kwa sababu mimi ni mwoga. Sababu nyingine sina.

Mwanao mdogo

20 Agosti

Shemeji,

Barua imesomwa. Nakueleza ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwambia mama, "Leo ni ya kwako, yote." Akakunja mikono. Nilipofika pale, "kaka hakuzembea," akainua kiganja, nikanyamaza. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Nilisoma mstari ule mara nne kabla ya kuniruhusu niendelee. Pale pa sahani nilisimama nikanywa maji, na yeye akaningoja. Hakulia. Nilipomaliza akaniuliza imeandikwa tarehe ngapi, nikamwambia, akahesabu kwa vidole.

Kisha akaomba viatu. Nikamwambia, mama, goti. Akasema, "Sikukuomba goti, nimekuomba viatu." Akatoka. Alianza kwa fundi cherehani hapa jirani, akasimama mlangoni, akamwambia, "Mwanangu mkubwa hakuzembea. Ni yule mdogo." Fundi cherehani hakujua habari gani, akaitikia tu. Akaenda duka la pili, la tatu, kwa muuza magazeti, kwa kinyozi akiwa katikati ya kichwa cha mtu. Kila mlango maneno yale yale, hazidishi, hapunguzi. Mimi nafuata nyuma na mwavuli. Nilidhani ataishia kwenye kona. Alikwenda mpaka shule ya wasioona, mwendo ambao hajautembea tangu mwaka juzi, na mwalimu mkuu alipotaka kumpa kiti akakataa, akasema lake akiwa wima. Mwalimu mkuu alivua miwani. Alisema, "Mama, nimekosa, na nilisema mbele ya watu, nitalifuta mbele ya watu." Kurudi tulirudi kwa mkokoteni wa shule, na goti limevimba kama kichwa cha mtoto. Anapakwa dawa, hajutii.

Mashine zote kumi na tisa zimepona. Kimebaki kipaza sauti.

Sasa lako wewe. Siku tatu hakukutaja. Jana jioni alinikuta nakata karatasi ya kukuandikia, nikamwuliza niandike nini kutoka kwake. Akafikiri, akasema, "Mwandikie aje."

Nikamwuliza, "Mama, niandike kwamba umemsamehe?"

Akasema, "Wewe mwanamke, nimekwambia uandike nini?"

Basi nimeandika. Uje.